Kuku Hawanywi Dawa

Sikuzani binti Sultani alikuwa na ulimi. Hilo alilijua kila mtu aliyewahi kulazwa, kujifungua au kuchomwa sindano katika kituo kile cha afya kilichokuwa njia ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, ambacho jina lake tuliache lipumzike. Kazi yake ilikuwa uhudumu. Alifagia, alideki, alimwaga vyombo vya haja, aliwaosha wagonjwa ambao hata ndugu zao waliona kinyaa kuwagusa, na baada ya hayo yote aliitwa "wewe mama" na watu aliowazidi umri na, kwa maoni yake mwenyewe, aliowazidi akili pia.

"Mtu akishavaa koti jeupe masikio yanaziba," alikuwa akisema huku akikamua tambara lake. "Sijui ni ile pasi inayowaunguza."

Koti jeupe kuliko yote pale kituoni lilikuwa la Mganga Eustace. Huyu alikuwa mkubwa wa kituo, mtu wa kuja, aliyetokea huko Ziwa kwa kazi ya serikali mwaka wa themanini na masanduku mawili ya vitabu. Moja lilifunguliwa. La pili lilibaki na kamba zake, likawa meza ya redio. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana; angekuwa hivyo ingekuwa nafuu, maana watu wangemshtaki. Ubaya wake ni kwamba alijipenda mno. Alikuwa na mwandiko mzuri ajabu, na kadi ya mgonjwa ikishaandikwa kwa mwandiko ule, basi, ugonjwa umekwisha kupata jina na mgonjwa hana la kuongeza.

Na alifuga kuku. Kuku wekundu wa kizungu, kumi na wawili na jogoo wao, walioletwa kwa lori kutoka Mtwara ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Mwaka huo wa themanini na tatu sabuni haikuwapo, sukari haikuwapo, watu walivaa shuka mpaka likawa wavu, na foleni ya unga ilianza kabla jua halijatoka. Lakini kuku wa Mganga Eustace waliishi vizuri. Tena walitibiwa.

Ndiyo, walitibiwa. Kila baada ya miezi mitatu lilikuja kopo kubwa la vidonge vya njano vya vitamini, vile vyenye harufu kali inayobaki kwenye vidole. Karatasi iliyokuja nalo ilisema ni vya wajawazito, vya waliodhoofika, na vya wagonjwa wa akili waliokuwa wakiwekwa chumba cha nyuma. Mganga Eustace aliisoma karatasi ile akacheka mpaka miwani ikateremka.

"Vitamini kwa vichaa!" alisema. "Kichaa anahitaji kulala. Akipata hamu ya kula si atakula milango?"

Basi kopo likahamia kabatini kwake. Katibu wa chama akipita kusalimia, aliondoka na vidonge ndani ya kikaratasi, kwa ajili ya mkewe anayesikia kizunguzungu. Bwana shamba alipata vyake vya kuongeza damu, ingawa damu ilikuwa imemjaa mpaka shingoni. Mwalimu mkuu alipata vya uchovu, na uchovu wenyewe ni wa pombe. Vilivyobaki vilikuwa vya kuku. Kila asubuhi Mganga Eustace alimkabidhi Sikuzani vidonge sita ndani ya karatasi na kumwambia, "Wapondee kuku." Sikuzani alitwanga vidonge kwenye kinu kidogo, akavimimina kwenye bakuli la maji nyuma ya nyumba ya mganga, kuku wakaja mbio.

Hapa tusimwonee haya kwa sababu tunampenda. Aliponda. Miaka miwili mizima mdomo wake ulimsengenya Eustace kutoka mapambazuko mpaka magharibi, na mikono yake ikamtwangia.

Mwezi wa sita wa mwaka huo wakamleta Saburi. Aliletwa kutoka Mandawa juu ya mkokoteni, amefungwa mikono na kiuno kwa kamba ya magunia ya korosho, na nyuma ya mkokoteni alitembea mama yake, Mwanne, na kikapu kichwani. Huyu Saburi alikuwa mkulima wa watu, mpole, mtu wa ufuta na mikorosho michache. Miezi miwili nyuma alianza kusahau. Akaweka jembe kwenye chungu cha maji. Akagombana na kisiki. Mwishowe alimtimua mama yake kwa panga, akimwita mwizi asiyemjua. Majirani wakasema jini. Wengine wakasema ni ugomvi wa mpaka wa shamba, amerogwa. Walimpeleka kwa mtaalamu wa kwao, akafukizwa, akachanjwa, akaharisha mpaka akabaki mifupa.

Mganga Eustace alisimama mlangoni na leso puani. Alimtazama kwa muda wa kupiga chafya mbili.

"Kichaa," alisema. "Apewe vidonge vya kumlaza. Wewe mama, mwoshe."

Sikuzani akamwosha. Sabuni haikuwapo, alitumia maji ya jivu. Alipofika shingoni aliona ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, yenye magamba, imezunguka shingo kama mkufu. Na migongo ya mikono yote miwili ilikuwa hivyo hivyo, na miguu kwa juu, kama mtu aliyeungua kwa moto.

"Bwana mganga," aliita, "njoo uone shingo hii."

"Kamba," alijibu Eustace kutoka ofisini.

"Kamba ilifungwa mikononi na kiunoni. Shingoni haikufika."

"Basi uchafu. Msugue."

Alisugua. Haukutoka. Kitu fulani kilimgusa kichwani, kama jina la mtu unayemjua linapokataa kuja, lakini wakati huo huo aliitwa akapokee vidonge vya kuku, na akaenda.

Siku ya nne Saburi aliamka kutoka usingizi wa dawa. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la nondo, na dirisha hilo lilitazama nyumba ya mganga. Sikuzani alikuwa ameinama juu ya bakuli, kinu mkononi, sauti ikamjia kutoka kwenye nondo:

"Jamani! Kuku wanakunywa dawa yangu! Mwanamke yule anawapa kuku dawa yangu!"

Kituo kizima kilicheka. Wajawazito kwenye benchi walicheka huku wameshika matumbo, waliokuja na wagonjwa wakacheka, na Mganga Eustace alicheka kuliko wote. Alitoka na kadi, akaandika hapo hapo akiwa amesimama, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mama Mwanne peke yake alijifunika uso kwa kanga. Na Sikuzani hakucheka. Alisimama na kinu chake akiwa amekauka, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

Sasa Mganga Eustace alikuwa haogopi kuacha kadi mezani wakati Sikuzani anafagia, kwa sababu aliamini mhudumu wa namna ile hajui kusoma. Kumbe Sikuzani alikuwa na cheti chake cha elimu ya watu wazima, chenye mhuri, kimekunjwa ndani ya msahafu wa marehemu babake. Alifagia chini ya meza mara tatu siku ile. Kadi ilisema: "Anadai kuku wanakunywa dawa zake. Akili imeharibika kabisa. Apelekwe Dodoma na gari la mwisho wa mwezi."

Gari la mwisho wa mwezi ndilo lililokuwa likija na Daktari Modestus, mkaguzi kutoka wilayani. Mganga akisema mgonjwa aende, na daktari akitia sahihi, mgonjwa alipandishwa nyuma ya lori na kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili, safari ya siku nyingi za vumbi. Mwaka uliopita lilimchukua mama mmoja wa Ruponda aitwaye Mwanaima, naye kwa udhaifu aliokuwa nao alikata roho kabla hata hawajamaliza njia ya Masasi. Saburi alikuwa mwembamba kuliko Mwanaima. Kila mtu mwenye macho aliona kwamba lori lile lilikuwa jeneza lake, ila mwenye mwandiko mzuri.

"Anasema uongo gani?" Sikuzani alijiuliza akiwa anatwanga kisamvu jikoni kwake jioni ile. "Kuku si wanakunywa dawa? Nani anawapa? Si mimi? Pale kituoni mtu mmoja tu amesema kweli, na ndiye tumemfungia."

Ndipo lile jina lililokataa likaja. Felomena! Muuguzi Felomena wa Marambo, mwaka wa sabini na tano, wakati watu wamehamishiwa vijiji vipya kabla ya kuvuna, wakaishi kwa unga wa msaada peke yake. Sikuzani ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Felomena alimshika mkono, akamwonyesha wazee watatu wenye shingo nyeusi namna ile, wanaoharisha, wanaoongea na kuta. "Shingo hii, tumbo hili na maneno haya vikija pamoja, Siku," alimwambia, "usitafute jini. Ni unga mtupu. Wape vidonge vya njano, wape karanga, wape samaki." Na wale wazee walirudiwa na akili zao, mmoja akaanza hata kudai mbuzi wake.

Kulipokucha alimkalisha Mama Mwanne kwenye kibaraza cha jiko.

"Shikamoo mama. Mwanao alikuwa anakula nini?"

"Marahaba. Ugali, mwanangu. Ule unga wa msaada, wa njano, wanaouita Yanga."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Mboga?"

"Anakaa peke yake shambani, anafukuza nguruwe wa porini. Kunde zilikauka mwaka jana na juzi. Nani ampikie?"

"Karanga hamna?"

"Karanga zipo debe zima darini." Mama Mwanne alimtazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu nguo zake za ndani. "Lakini za mbegu hizo. Za mbegu haziliwi. Saburi mwenyewe asingezigusa, hata afe."

"Basi si ndiyo anakufa!" Sikuzani alipandisha sauti. "Utazipanda juu ya kaburi lake? Nenda ukalete karanga, mama, na dagaa ukiwaona. Nenda sasa hivi."

Mama wa watu akaondoka analia, akaenda.

Sikuzani alitaka haki itendeke, kwa hiyo alikwenda kwanza kwa Mganga Eustace. Alimweleza yote kwa adabu, ulimi ameuweka mfukoni. Eustace alimsikiliza akiwa anasafisha miwani.

"Wewe mama umesomea wapi udaktari?"

"Sijasomea. Nilionyeshwa na Muuguzi Felomena, kule Marambo."

"Basi mwambie Felomena aje aandike kadi." Akachukua karatasi yenye vidonge sita, akamsogezea. "Wapondee kuku. Jogoo anapoteza rangi."

Sikuzani alipokea. "Ndiyo, bwana mganga," alisema, kwa upole ambao ungemshtua mtu yeyote anayemjua.

Kuanzia asubuhi ile vidonge sita vilikwenda chumba cha nyuma. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, vimefichwa ndani ya tonge, na Mama Mwanne aliporudi, tonge lenye karanga za kutwanga. Na kwenye kinu Sikuzani alitia konzi ya unga wa Yanga, akauponda kwa kelele nyingi, akaumimina kwenye bakuli la kuku. Maji yakawa ya njano. Mganga Eustace akachungulia dirishani kwake, maana karibu hakuja, viatu vyake havikupenda mavi ya kuku.

"Leo umeponda vizuri," alisema. "Rangi imekolea."

"Nimejitahidi, bwana mganga."

Unga ule ule uliomla Saburi shingo, kuku waliugombania wakaangushana. Wakanenepa! Mganga Eustace alimwita bwana shamba kuja kuwatazama, wakasimama wote wawili mbali kidogo, mikono nyuma, wakizungumzia nguvu ya vitamini kama watu walioizaa.

Kule chumba cha nyuma, siku ya tatu kuharisha kulikoma. Siku ya sita Saburi aliuliza leo siku gani. Siku ya kumi Mama Mwanne aliingia na bakuli, na mwanawe akageuka akamwambia, "Shikamoo mama. Mbona umekonda hivyo?" Mama Mwanne alikaa chini sakafuni pale pale. Alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia, na Sikuzani akatoka nje akidai moshi umemwingia machoni, wakati jiko liko mbali.

Magamba yalianza kubanduka shingoni. Akili ikarudi, na pamoja nayo ukarudi ule ugumu wa Saburi, maana mtu yule alikuwa hajui kudanganya hata kwa adabu. Asubuhi moja alishika nondo za dirisha, akatazama nje kwa muda mrefu.

"Dada Sikuzani," alisema polepole, "leo kuku wanakunywa uji."

"Nyamaza."

"Lakini ni uji. Naona. Ile siku walikunywa dawa, leo uji."

Sikuzani alifunga mlango. "Sikiliza, ndugu yangu. Kweli ndiyo iliyokuingiza kwenye kadi. Daktari atakuja Ijumaa, atakuuliza habari za kuku. Ukisema wanakunywa dawa, unapanda lori. Mama yako hapati hata pa kukuzikia."

"Kwa hiyo nidanganye?"

"Mimi sijui! Jibu utakavyojibu, lakini jibu kwa kifupi."

Ijumaa lori likaja. Daktari Modestus alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na kabla ya kukagua chochote alikaribishwa chakula nyumbani kwa Mganga Eustace. Wali na kuku. Sikuzani ndiye aliyenawisha watu mikono, akasikia yote.

"Kuku huyu!" alisema Daktari Modestus, paja mkononi, mafuta kidevuni. "Huku watu wanalia njaa, wewe unapata wapi kuku wa namna hii?"

"Ni matunzo tu, daktari," alisema Eustace akainamisha macho kwa unyenyekevu.

Walipomaliza wakaenda chumba cha nyuma, daktari akijichokonoa meno. Saburi alikuwa amekaa kitandani, ameoga, amevaa shati la kuazima. Mama Mwanne alisimama ukutani, vidole mdomoni. Nje lori lilikuwa linanguruma, dereva hakutaka kulizima kwa sababu betri yake ilikuwa na matatizo. Daktari akasoma kadi, akainua kichwa.

"Wewe ndiye wa kuku?"

"Mimi ni Saburi wa Mandawa, daktari."

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Hapa umeandikiwa unadai kuku wanakunywa dawa zako. Haya niambie, kuku wanakunywa dawa?"

Sikuzani alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.  Aliuona uso wa Saburi unavyofanya kazi, aliona jinsi anavyolipima neno kama mtu anayepima ufuta wake mwenyewe.

"Hapana, daktari," alisema Saburi. "Kuku hawanywi dawa."

Na ilikuwa kweli tupu, hakuna ambaye angeweza kuitoa kasoro. Lakini akavuta pumzi, mdomo ukafunguka tena, na Sikuzani aliyajua maneno yanayofuata kama aliyemezeshwa: wanakunywa uji. Akaiachia ndoo. Ilianguka kwa kishindo, maji yakatapakaa, Daktari Modestus akaruka kuokoa viatu vyake.

"Wewe mama!" alifoka Eustace.

"Nisameheni, mabwana. Uzee."

Ikaishia hapo. Daktari alitia sahihi mgonjwa aruhusiwe kwenda kwao, huku amesimama kwenye kona iliyo kavu. Alimuuliza Eustace amefanyaje, mtu karudiwa na akili ndani ya wiki tatu. Eustace alisema ni vidonge vya kulaza, kwa kipimo sahihi, pamoja na uangalizi wake wa karibu. Daktari alimshika mkono, akampongeza, akasema atalitaja jambo hilo wilayani. Akaondoka na kuku wawili wazima wamefungwa miguu, na nyuma ya lori hakukuwa na mtu.

Saburi alirudi Mandawa kwa miguu yake, mama yake mbele, na mpaka wanapotea kwenye kona alikuwa bado anamgeukia Sikuzani kama mtu mwenye neno la kumalizia.

Jioni Sikuzani alifagia ofisi. Kadi ilikuwa mezani. Chini ya yale ya zamani yameongezwa: "Amepona. Sasa anakubali kwamba kuku hawanywi dawa." Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka mbavu zikamuuma, peke yake mle ndani na ufagio. Kisha, katika kuirudisha kadi kwenye rundo ili isionekane imeguswa, akaiona iliyokuwa chini yake. Mwanaima wa Ruponda. Mwandiko ule ule mzuri. "Anaongea peke yake. Anaharisha. Hataki kuvua kitambaa cha shingoni. Apelekwe."

Kitambaa. Kilikuwa cha bluu. Sikuzani alikikumbuka, maana ndiye aliyekifunga vizuri siku ile ya safari, akamwambia Mwanaima kiko sawa, asihangaike kukifungua. Alikuwa na haraka, hakuitazama ngozi iliyokuwa chini yake. Mkononi alikuwa na karatasi yenye vidonge sita, na kuku walikuwa wanasubiri.

Usiku ule hakulala, lakini kazini hakuchelewa. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya meza ya Mganga Eustace kama siku zote. Eustace, aliyekuwa na furaha tangu jana, alihesabu vidonge sita, akavikunja.

"Wapondee kuku."

Sikuzani alipokea, akanyoosha na mkono wake wa pili.

"Leta na vya Mwanaima," alisema.

"Mwanaima nani?" aliuliza Eustace, na kweli hakumkumbuka, ilionekana usoni.

 Yule mwenye ulimi hakusema neno. Alibaki amenyoosha mkono, macho yake hayatoki kwenye uso wa mganga, mpaka Eustace mwenyewe, bila kujua kwa nini, akalichukua kopo akaanza kummiminia.